Mgeni wa Meza ya Tatu

Umeniuliza, mgeni wa meza ya tatu,
saa saba usiku, karata zimekukataa,
nyama nzuri Arusha hii inapatikana wapi.
Zimekubakia chipsi nne za bluu,
hazichovyeki kwenye pilipili wala hazishibishi mtu.
Msimamizi ananitazama. Mgawa karata haruhusiwi
kusema zaidi ya "weka" na "basi".
Ningeruhusiwa, ningekujibu hivi:

Baba yangu, Aminieli Kiwelu,
alikata nyama Boma Ng'ombe miaka thelathini na mmoja.
Amebakiwa na meno manne,
na hakuna mawili yanayokutana.
Alikuja kunisalimu mwezi wa sita, kwenye baridi,
amevaa koti lake la kipaimara changu.
Nilikuwa na bakshishi ya mtu aliyeota kumi na saba
ikatoka kumi na saba.
Nikamwambia, Baba, leo utakula nyama
ambayo hukuikata wewe.

Tukaanzia ghorofani, karibu na Mnara wa Saa.
Steki ikaja peke yake katikati ya sahani
kama mtu aliyefika msibani kabla ya wafiwa.
Baba akaigeuza kwa uma, akaisoma.
"Imekatwa kwa kufuata nyuzi," akasema,
"na mtu anayekiogopa kisu."
Akala jani lililowekwa pembeni.
Nililipa. Usiniulize kiasi gani.

Njiro, penye runinga kubwa na kelele za mpira,
wakatuletea makange ya mbuzi, yanachemka bado.
Akakorogakoroga, akaweka kijiko chini.
"Mchuzi mzito ni blanketi, mwanangu.
Kabla hujalifunua, uliza nani kalala."

Sakina, mishkaki. Laini!
Nikafurahi, nikasema, Baba, hii unaiweza.
"Hii imelazwa na papai usiku kucha," akasema,
"imesahau kama iliwahi kutembea."
Kisha akanyamaza mpaka mkaa ukaanza kufifia.
"Sikuja kula ninachokiweza."

Viatu vilikuwa vinanibana.
Upepo wa Meru ukituingia shingoni
tukashuka Kwa Mrombo, na hata pale hakukaa.
Alisimama mbele ya gogo
ambapo kijana wa gambuti alikuwa anachambua mbuzi.
Akasimama mpaka kijana akauliza,
"Mzee, kilo ngapi?"
Hakujibu. Alikuwa anakitazama kisu
kinavyoingia kwenye kiungo bila kugonga mfupa,
kama ufunguo kwenye mlango wa kwao.

"Huyu anajua pa kupita," akasema. Akavuta kiti.

Mbavu, nusu kilo. Ndizi mbili za kuchoma.
Chumvi kwenye pembe ya ubao.
Sikudanganyi, mgeni, ilikuwa ngumu.
Alitafuna kushoto, akahamishia kulia,
akaitoa, akaitazama, akairudisha.
Mafuta yakaganda kwa baridi.
Saa mbili nzima, mtu na mbavu zake,
wala hakunisemesha.
Mimi nikachelewa zamu, wakanikata nusu siku.
Mfupa wa mwisho aliufunga kwenye gazeti,
akaupakata kwenye basi mpaka Boma,
na mbwa wetu alikufa tangu Pasaka.

Kwa hiyo, ukitoka hapa na chochote mfukoni,
usiutazame ubao wa bei,
usimsikilize kijana anayekuita "bosi" kutoka barabarani.
Nenda kwenye gogo. Simama.
Tega sikio: kisu kikigonga, aga, ondoka.

Lakini msimamizi bado ananitazama,
na mikono yangu, ingawa nimeinawa mara mbili,
bado ina harufu ya mchana ule, au nahisi tu.
Nimesema, "Weka, bwana."

Nawe umeweka zote nne.